Mstari wa Piko

Kijiti kilimteleza Bi Sauda, rangi ya piko ikachora mstari mweusi kutoka kwenye ua alilokuwa akilichora hadi kwenye kifundo cha mkono wa bibi harusi.

"Tulia, mwanangu! Unatikisika," alisema, kabla hajafikiri.

"Nisamehe, shangazi," alijibu Zamda.

Miaka thelathini Bi Sauda aliwapamba maharusi wa mtaa ule bila kukosea. Lakini tangu hedhi ianze kumkatika, hata mlango ukibishwa moyo humwenda mbio, jasho likamtoka, vidole vikatetemeka. Hakuwa amemwambia mtu.

Mama yake Zamda alisogea, akauona mstari, akamfinya binti yake begani. "Uoga gani huu siku ya harusi yako? Unamharibia shangazi yako kazi!"

Zamda aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Bi Sauda alifungua kinywa aseme, kisha akakifunga, akachovya kijiti tena.

"Nishikie huu mwingine, mama," Zamda alinong'ona, akinyoosha mkono wa pili, "nisije nikamharibia tena."

Mama aliushika kwa mikono yake yote miwili. Ukatulia kama maji mtungini. Juu yake, mbele ya macho yao wote watatu, ncha ya kijiti ikaanza kucheza mkononi mwa Bi Sauda.