Kompyuta ya Marehemu Wesonga

Nerima alizima kompyuta ya kwanza, akasimama dirishani kusubiri matusi.

Hiyo ndiyo iliyogawa intaneti kwa familia ishirini na tatu za ploti yao, jengo la vyumba vya kupanga mtaani Huruma. Siku nyingine intaneti ikikatika, hata kwa sekunde tano, vichwa huchomoza kila ghorofa, na jina la Nerima huitwa pamoja na la ukoo wake mzima. Leo, kimya. Ghorofa ya pili mtu aliendelea kucheka video yake.

"Hawajui!" Nerima akapiga kigelegele. "Mama, nimezima na hawajui!"

Mama yake alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, mgongo ukikaribia kugusa kompyuta ya nne, ile iliyofunikwa blanketi. "Hongera," alisema, bila kusogea.

Siri ilikuwa kijisanduku cheusi mezani, kidogo kuliko mkate. Kwa wiki mbili Nerima alikuwa akihamishia humo kompyuta zake nne kuukuu, nzimanzima: ya intaneti, ya filamu, ya kamera za lango, na ya marehemu baba. Humo ndani kila moja ilijiona ina mwili wake na iko peke yake duniani, kumbe zote ni wapangaji wa chumba kimoja.

"Kama sisi tu," Mama alisema alipoelezwa. "Ila hizo hazigombanii choo."

Ilibidi. Khavere, keateka msimamizi wa ploti, mwanamke anayehesabu hata balbu za watu, alikuwa amechoka na fyuzi kuruka. Wiki tatu zilizopita alikuwa ameamuru kuku wa Mama ateremshwe kutoka paani, na jioni hiyo hiyo Nerima na Mama wakamla na ugali bila kusemeshana. Sasa zamu ilikuwa ya kompyuta.

"Jumamosi saa sita napanda kuhesabu," alikuwa ameonya. "Nikute moja inanguruma. Nikikuta mbili nakata waya wako, na hiyo intaneti uuzie njiwa."

Na bila waya Nerima hakuwa na kazi.

Saa tano akazima ya pili. Filamu zikaendelea kutiririka kwenye runinga za watu. Akazima ya tatu, akatazama simu yake: kamera ya lango ilimwonyesha Khavere mwenyewe, safi kabisa, akibishana na muuza mboga za sukuma. Nerima akacheza katikati ya chumba mpaka sufuria zikatikisika rafuni.

"We msichana, utavunja sakafu!" Mama akacheka.

Ikabaki ya nne.

"Hii iache," Mama akasema, na kicheko kikamtoka usoni.

Nerima alilitarajia hilo. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya baba yake: mazoezi ya kwaya, besi nzito, mizaha katikati ya nyimbo. Siku hizi Mama hakubanduka kando yake. Aliivika blanketi, akaweka bakuli la maji ubavuni. Asubuhi, mchana na jioni aliingiza mikono chini ya blanketi, akapapasa polepole huku akinong'ona, na Nerima aligeuza uso asimwaibishe. Kisha lilifuata swali lile lile.

"Joto ngapi leo?"

"Thelathini na nane, Mama."

"Lisishuke."

"Lakini kompyuta hupenda baridi."

"Huku hakutaki baridi. Usifunue."

Wala Nerima hakuwa na haja ya kufunua. Alikuwa ameinakili kompyuta yote kupitia waya, bila kuigusa.

Sasa alichuchumaa mbele ya mama yake. "Baba hajaenda popote. Sikiza."

Akafungua ile ya nne, iliyo ndani ya kijisanduku. Sauti ya Wesonga ikajaza chumba. Akaimba, akakosea noti, akajicheka, akakohoa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akafuta jicho moja.

"Ni yeye kabisa," akasema. "Hata kikohozi. Umefanya kazi nzuri, mwanangu. Sasa hii usiizime. Mpaka kesho tu."

Kesho ilikuwa Jumapili, na Baba alifariki Jumapili.

"Hodi! Nakuja kuhesabu!" Khavere alikuwa tayari ngazini, malapa yakipiga pa, pa, pa.

Nerima akamtazama mama yake. Akatazama waya uliopita juu ya mlango kwenda kwa familia ishirini na tatu.

"Nisamehe, Mama."

Akabonyeza swichi ya ukutani ya kompyuta ya nne.

"Nerima!"

Feni yake iliyovuma miaka sita ikapunguza mwendo, ikakwaruza, ikanyamaza. Khavere akatokea mlangoni, kidole hewani, akazungusha macho chumba kizima.

"Moja," akahesabu, ameridhika.

Akaanza kugeuka, kidole bado hewani.

Kisha, chini ya blanketi, kitu kikalia: *piyo*. Kingine kikajibu: *piyo, piyo*.

Kidole cha Khavere kikabaki hewani.

"Sauti ya baba yako nimeisikia miaka thelathini, inatosha!" Mama alifoka, tayari amepiga magoti, mikono yote miwili ndani ya katoni nyuma ya kompyuta. "Washa, we mtoto! Vifaranga wanne tu wameanguliwa, na mayai saba ya yule kuku wangu bado!"