Profesa Apiga Magoti

Msumeno ulipogusa chuma cha kwanza, Ornella Tacconi hakuziba masikio. Alitaka kuusikia.

Kilichokuwa kikikatwa ni kitambuzi cha Profesa Egidio Santucci, dude refu kama kanisa, chini kabisa ya vilima vya Umbria, pale miale miwili ya chembe inapogongana. Humo ndimo ilimoonekana chembe iliyompa Egidio sifa dunia nzima.

Sumaku za kitambuzi hicho alizibuni Ornella, alipokuwa mwanafunzi wake. Egidio akazitangaza kuwa zake. Ornella alipolalamika, alimjibu mbele ya watu: "Binti, rudi kwenu ukakande tambi."

Ornella hakulisahau neno hilo. Akaenda kutafuta kazi ugenini. Miaka ikapita, na maabara ilipotaka kuiongezea nguvu ile miale kwa ajili ya jaribio jipya, aliyeitwa kuongoza kazi ni yeye.

Jaribio lilihitaji ukumbi wa kuwekea kitambuzi chake. Kumbi zilikuwa mbili, mmoja mtupu na mwingine wa Egidio. Ornella akachagua wa Egidio.

"Ule mtupu una kasoro gani?" akauliza Loris, fundi mkuu wa umeme.

"Hauna kitu cha kubomoa."

Loris akacheka, kisha akaacha. "Mama, mzee wa watu yuko kwenye ratiba ya kuipima upya chembe yake kwa miale mipya. Na hakuna kitambuzi kingine duniani kinachoweza kuipima."

"Ndiyo raha yenyewe hiyo."

Siku ya pili Egidio akaja kwenye bwalo la chakula, watu wakila dengu. Mtu ambaye hakuwahi kumwomba mwenzake hata chumvi, akapiga magoti kando ya meza ya Ornella.

"Mhandisi, nakusihi. Niachie mwaka mmoja tu. Kile kitambuzi ndiyo roho yangu."

Ornella akajifuta mdomo taratibu.

"Profesa, rudi kwenu ukakande tambi."

Mtu akapiga makofi, wengine wakafuata. Egidio akatoka ameinamisha kichwa.

"Ajabu," Loris alisema baadaye. "Yeye na mkurugenzi wa maabara ni chanda na pete, lakini hajamwendea hata kulalamika."

"Aibu hiyo," Ornella akajibu, na usingizi wake ukawa mtamu kuliko wa miaka yote.

Sasa winchi ilikuwa ikiinua kipande cha mwisho kwenda kuyeyushwa. Egidio alisimama pembeni na koti jeusi, kama mtu aliye mazikoni. Ornella akamsogelea, alitaka kuyaona machozi kwa karibu.

"Pole, Profesa."

Egidio akamwinamia sikioni.

"Asante, binti. Ile chembe haikuwahi kuwapo, na vipimo vya mwaka mmoja tu vingeniumbua. Nilichokuwa nikikiogopa ni kimoja: usije ukanihurumia."