Jani la Paa

Enzi zile Usingizi na Mchana walipokuwa wakikaa nyumba moja, Kakakuona alikuwa mpiga ramli wa msituni. Alidondosha jani ndani ya chungu cha maji. Likielea ni heri, likizama ni shari. Lakini moyo wake ulikuwa laini, tofauti na magamba yake, na hakupenda mtu alie mlangoni kwake. Kila jani lilipozama, alifunika chungu kwa mkia na kusema, "Linaelea."

Siku moja Paa alikuja na mumewe. "Babu, tunataka kuvuka mto, ng'ambo kuna majani mabichi. Tutazamie."

Jani likazunguka polepole kama linalosinzia, kisha likazama hadi chini kabisa. Kakakuona akafunika chungu kwa mkia. "Linaelea, wajukuu zangu. Nendeni kwa heri."

Mtoni kulikuwa na mamba. Paa alirudi peke yake, amelowa, akampita Kakakuona bila kumwamkia.

Miaka ikapita. Ukungu ukatanda machoni mwa Kakakuona, maradhi yakamlaza. Aliyekuwa karibu ni Paa.

"Mjukuu wangu, sioni tena. Nidondoshee jani, uniambie kama nitapona. Usinifiche."

Paa akadondosha jani. Kakakuona akatega sikio, lakini maji yalikuwa kimya kama ndoto.

"Linaelea, Babu," Paa akasema kwa upole.

"Kweli?"

"Kweli tupu. Linaelea kama lile letu."