Ukuta Unapouliza Hali

Kila asubuhi ukuta wa sebuleni hung'aa rangi ya maziwa, na sauti laini ya serikali humwuliza bibi yangu, "Hujambo, Bi Mwanahawa?" Anayesema ana shida, posho yake huingia benki papo hapo. Bibi ameishiwa dawa ya moyo, lakini hujibu, "Sijambo, mwanangu."

"Bibi, sema hujiwezi!"

"Salamu hujibiwa kwa uzima, wewe. Shida hufuata baadaye."

"Ukuta hausubiri baadaye."

Siku moja, akijishika kifua, alinong'ona, "Sijiwezi." Pesa zikaingia, nikakimbilia dawa.

Jioni alikuwa anaimba. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi. Hujambo sasa?"

Aliutazama ukuta kwanza.

"Sijiwezi," akajibu.

Tangu hapo sijui hali ya bibi yangu.