Feni ya Sebuleni

Bibi wa Mwanamvua alikata mkonge wa wenyewe. Mwanamvua mwenyewe alilea kompyuta ya wenyewe. Kila nyumba ya mtaa wa Ngamiani ilipangiwa kompyuta moja ya kampuni sebuleni, na sheria ilitaka feni ya nyumba iipepee mashine. Watu wangejipepea kwa kanga.

Mwanawe alipojaa vipele vya joto, Mwanamvua aliingia kwenye mipangilio, akaipunguzia prosesa umeme na kasi mpaka ikapoa kama mtungi. Feni akamgeuzia mtoto, naye akalala.

Mkaguzi wa kampuni alipopiga hodi, Mwanamvua alipitisha pasi ya moto juu ya kasha la mashine haraka haraka, kama walivyofundishana wanawake wa mtaani, maana mashine iliyopoa ilihesabiwa inategea kazi.

Mkaguzi, Bwana Kisoka, akaingia na viatu vyake. Akaweka kiganja juu ya kasha taratibu, kama anayepima homa.

"Mama, huyu anaungua."

"Na huyu je, baba?" Mwanamvua akamwonyesha mgongo wa mtoto.

"Huyo ni wako."

Akaigeuza feni, akaifunga kwa waya ielekee mashine. Mtoto akaamka akilia.

"Pole, mwanangu," alisema Bwana Kisoka, huku akiipapasa mashine.