Kizungu cha Kumpokelea Mjukuu

"Dormi," alijibu Yudith, na ukumbi mzima ukacheka.

Mwalimu Kristian hakucheka. Alikuwa ameuliza Kiingereza cha bweni, akaandika na mzizi wake ubaoni ili amsaidie. Yudith aliusoma mzizi, akaurudisha vile vile ulivyo, kama mtu aliyetumwa gunia la karoti akaleta mbegu.

"Dormitory, mama," mwalimu alisema. "Mzizi unaotesha neno. Wenyewe hauongewi."

Kristian alikaa seminari miaka mingi kabla hajarudi kuoa, na kutoka huko alibeba Kilatini. Alikuwa anafundisha jioni pale Soni, akiamini kwamba mwenye mizizi hahitaji kukariri kamusi. Wanafunzi wake walikuwa vijana wa kutembeza wageni msituni, wauza matunda, na huyu Yudith, mjane wa darasa la saba mwenye shamba la njegere.

Kina mama wa usharika wao wa Kilutheri walimtania Yudith kwamba kwa Kilatini hicho cha seminari atarudi na rozari shingoni. Yeye aliwajibu kwamba Mungu anasikia lugha zote. Mjukuu wake ndiye anayesikia moja tu.

Binti yake wa pekee, Evelina, alikwenda Ulaya kusomea uuguzi akaolewa huko huko. Mtoto wao, Secilia, alikuwa bado hajaanza shule. Yudith hakuwahi kumshika. Alimwona kwenye simu tu, na mtoto alikuwa akimwangalia kidogo, kisha anakimbia.

"Usimlaumu, mama," Evelina alimwambia. "Kiswahili hajui. Anajua Kizungu cha huku tu, na zamu za hospitali hazinipi nafasi ya kumfundisha."

Walikuwa waje Pasaka, kwa siku chache. Yudith alikaa na simu mkononi akiwaza. Mtoto asiyeweza kuongea na bibi yake atakuja kama mgeni, ataondoka kama mgeni, na akikua hatakuwa na sababu ya kurudi. Wiki ile ile akaenda kujiandikisha kwa Kristian. Hakumwambia Evelina. Alitaka iwe mshangao.

Darasani alikaa na Latifa, muuza matunda ya plamsi barabarani. Mwalimu alipoandika kwamba kwa Kilatini vita ni uhai, na ndiyo maana tunasema vitamini, Latifa alimnong'oneza kwamba basi hao Walatini walikuwa wameolewa. Yudith alicheka mpaka akajifunika kanga.

Lakini maneno yalimkatalia. Manual ilibaki manu, yaani mkono. Benefit ilibaki bene, yaani vizuri. Alirudia akipalilia, alirudia akichota maji, na kila neno lilifika nyumbani limekatika mkia. Usiku alipiga magoti akamwambia Bwana kwamba mizizi anayo ya kutosha, sasa anaomba mikia.

Mikia haikuja. Siku ya mwisho kabla ya Pasaka, Kristian alimbakiza wenzake walipotoka.

"Mama, nikwambie ukweli," alisema kwa upole. "Hakuna mtu aliye hai anayeongea mizizi. Waliokuwa wakiiongea wako makaburini. Wageni wakifika niite, nitakutafsiria."

Yudith alimshukuru, akapanda kilima polepole. Alikuwa anakwenda kuongea na mjukuu wake kwa mdomo wa mtu mwingine.

Gari lilifika ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba. Uwanja ulishajaa majirani. Evelina alishuka, akapiga goti akamwamkia mama yake shikamoo, na mtoto akiwa amemng'ang'ania shingoni. Kila aliyenyoosha mkono kumpokea, Secilia alipiga yowe. Shangazi mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba watoto wa huko ndivyo walivyo, wamezoea mbwa kuliko watu.

Kristian akasogea. Alikuwa amevaa koti la suti. Alimsalimia mtoto kwa Kiingereza kirefu kilichonyooka, mpaka vijana wakaangaliana kwa heshima. Mtoto akaficha uso. Mwalimu akarudia, polepole na kwa sauti zaidi. Mtoto akarusha teke. Evelina alitaka kusema kitu, kilio kikamfunika.

"Ana usingizi huyu," Kristian alisema, akarudi nyuma akijifuta koti.

Ikabaki zamu ya bibi. Yudith alikuwa ametunga sentensi nzima, ameisema mbele ya kuku na mbele za Mungu. Alipofungua mdomo, haikuwepo. Alitafuta hata neno moja lenye mkia, akakosa. Akachuchumaa kwenye majani yenye umande, akafungua kiganja.

"Veni," alisema. Alitaka kumwambia njoo. "Manu. Bene, bene."

Kristian aliangalia chini kwa aibu, maana watu walijua ni mwanafunzi wa nani.

Kilio kikakatika. Secilia aligeuza uso uliolowa machozi, akamwangalia bibi, akaangalia kile kiganja. Kisha akateleza kutoka kwa mama yake, akatembea mwenyewe mpaka pale, akaweka mkono wake mdogo ndani yake.

Akaanza kuongea. Aliongea mfululizo, akionyesha kuku, ukungu na koti la mwalimu. Yudith hakushika hata nusu, lakini kila mtoto alipopumua alimjibu bene, na mtoto akaridhika akaendelea. Mwishowe akamvuta bibi kuelekea bandani.

"Vieni," alimhimiza. "Vieni!"

Evelina alibaki katikati ya uwanja, mikono mitupu, akiwatazama.

"Mama," akaita, "Kiitaliano umefundishwa na nani?"