Kitanda cha Bi Sikujua

Afisa aliyetumwa kugawa kata upya alipitisha mstari wa chokaa katikati ya ua wa Bi Sikujua. Jiko likabaki Bondeni. Chumba cha kulala kikaingia Mlimani, kwenye majumba ya wakubwa.

"Huko kura zetu zitamezwa," Bi Sikujua alisema. "Diwani wao hajawahi kukanyaga tope letu."

"Mama, mtu anapiga kura anakolala. Ndiyo sheria."

"Anakolala?"

"Anakolala."

Bi Sikujua aliingia ndani, akatoka akikokota kitanda cha kamba, akauvuka mstari na kukiweka jikoni, kando ya mafiga. Akajilaza, kandambili miguuni.

"Haya, andika Bondeni."

Afisa aligeuka. Kwenye mlango wa jirani, miguu ya kitanda ilikuwa inatokeza.